Kuigiza vichekesho vya runinga ukitokea Lamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Barazani watu hunicheka mpaka wakashika mbavu. Si nimeshakuwa mwigizaji?

Umefika nusu ya njia. Barazani wanaokusikiliza wanakujua, wanamjua unayemwiga, na deni lake la dukani wanalijua pia. Mzaha unasemwa mara moja, watu wanacheka, basi. Kwenye seti sentensi hiyo hiyo utaisema mara 8. Kila rudio la kurekodi huitwa teki: ya kwanza kamera inawachukua nyote kwa mbali, ya pili uso wako, ya tatu uso wa mwenzio, ya nne maiki imesugua nguo, ya tano boti imepita inanguruma, ya sita mwenzio kasahau. Hakuna atakayecheka, maana kicheko cha kameraman kinaharibu sauti. Na huenda ikatumika ile ya 8.

Jipime hivi: chukua kisa chako kinachochekesha kuliko vyote, kisimulie mbele ya simu mara 6 mfululizo ukiwa peke yako chumbani. Lala. Kesho tazama ile ya 6 tu. Ikiwa inasikika kama tangazo la msibani, umeshajua pa kuanzia mazoezi.

Kichekesho cha mfululizo kinatofautianaje na tamthilia?

Katika tamthilia watu hubadilika: anayependa anaachwa, maskini anatajirika. Katika kichekesho mhusika habadiliki, na kutobadilika kwake ndiko kunakochekesha. Tamaa ya leo ni tamaa ya mwakani. Mahali ni pale pale, tatizo ni jipya, na kipindi kikiisha kila mtu karudi alipokuwa. Ndiyo maana mahakama ya Vioja Mahakamani imeweza kupokea kesi miaka nenda miaka rudi: kizimba kimoja, washtakiwa hawaishi. Papa Shirandula, aliyeigizwa na marehemu Charles Bukeko, ilisimama juu ya siri moja tu, ya bawabu anayewaficha watu wa nyumbani kazi anayoifanya. Kila kipindi siri ilikaribia kufichuka.

Kwa mwigizaji hii ina maana kwamba kazi ya kwanza ni kumjua mhusika anataka nini siku zote. Ukilijua hilo, hata mstari usiochekesha utachekesha.

Kipindi kimoja kina urefu gani, na hurekodiwa kwa siku ngapi?

Nafasi ya nusu saa hewani, ukitoa matangazo, hubaki na dakika 22 hadi 24. Kwa skripti ya kamera moja hesabu ukurasa mmoja kwa dakika moja. Msimu kwa kawaida ni vipindi 13 au 26.

Huko Marekani upo mtindo wa kurekodi mbele ya watazamaji ukumbini kwa kamera kadhaa pamoja, uliopata nguvu tangu I Love Lucy ilipoanza 1951 kwa kamera 3 za filamu. Wiki nzima ni mazoezi, siku moja ni kurekodi. Kwetu mara nyingi ni kamera moja au mbili, hakuna watazamaji, na pesa ni chache, kwa hiyo maonyesho yote ya mahali pamoja hurekodiwa kwa mkupuo. Asubuhi utaigiza ukumbini kwa mama mkwe kipindi cha 3, halafu cha 7, halafu cha 1. Katika cha 7 umeshagombana naye, katika cha 1 hata hamjajuana.

Hapo ndipo wapya wengi wanapoanguka. Tiba ni daftari. Kwa kila onyesho andika mistari mitatu: nimetoka wapi, najua nini mpaka sasa, nimevaa nini. Usitegemee kichwa. Saa ya 10 ya kazi ikifika kichwa kimekwisha.

Mzaha unajengwaje? Nioneshe mfano.

Tuchukue huu mfupi. Babu anamtafuta punda wake, mjukuu ndiye aliyekuwa naye.

BABU: Punda wangu yuko wapi?
MJUKUU: Hajambo, babu.
BABU: Sikuuliza hali yake. Yuko wapi?
MJUKUU: Mokowe.

Mtu wa Lamu anacheka kwa sababu kati ya Amu, yaani kisiwa cha Lamu, na Mokowe iliyo bara pana bahari. Punda hakutembea, kuna mtu aliyempakia chomboni. Neno lote la kucheka ni "Mokowe", nalo lazima liwe la mwisho. Mwigizaji akijiongezea "Mokowe babu, wala usijali, ni salama", kicheko kimeshafunikwa kabla hakijatoka. Kuongeza maneno baada ya neno la kuchekesha ndilo kosa tunaloliona zaidi kuliko yote, na huletwa na woga wa kimya. Nyamaza. Mtazame babu. Kimya hicho ni cha mhariri, atakikata apendavyo.

Sasa angalia upande wa pili. Mtazamaji wa Kisumu hajui Mokowe ni wapi, huenda akadhani ni mtaa wa nyuma. Kwa hiyo mwandishi lazima ampandie mbegu mapema: dakika mbili kabla, mtu alalamike nauli ya boti ya kwenda Mokowe, au kamera ioneshe mlango wa bahari ulivyo mpana. Ukiona mzaha wa kwenu haufiki bara, mara nyingi mbegu hiyo haikupandwa. Mwambie mwongozaji kabla ya kurekodi. Baada ya kurekodi umechelewa.

Jambo jingine dogo: usijisogeze wala kushika kitu mwenzio anaposema neno lake la kuchekesha. Jicho la mtazamaji hufuata kinachotembea. Ukijikuna tu, umemuibia.

Nikishikwa na kicheko katikati ya teki?

Mtazame mwenzio sikio, si macho. Toa pumzi yote polepole kupitia puani. Wengine huuma shavu kwa ndani. Ukiona haizuiliki, simama na uombe radhi mara moja. Usijaribu kumaliza sentensi kwa sauti inayotetemeka, teki hiyo imeshakufa.

Niigize kwa Kiamu (Kiswahili cha Lamu) au Kiswahili sanifu?

Inategemea mhusika, lakini usikitupe Kiamu. Lafudhi ya Amu ni mtaji ambao mwigizaji wa Nairobi hawezi kuununua, na akiuiga tunamjua kwa neno la pili. Tatizo ni maneno machache yanayopotea bara. "Yana" (jana), "moya" (moja) na "ndaa" (njaa) mtu atayabaini kwa muktadha. "Zitu" (vitu) nayo inapita. Lakini ukisema "mai" (maji) kwa haraka, msikilizaji wa Nakuru anaweza kusikia mayai, na onyesho zima la kisima limeharibika. Neno la namna hiyo liache kwa sentensi ambayo mkono wako umeshika ndoo.

Neno linalobeba mzaha liwe lile ambalo kila mtu analielewa. Mapambo yanayolizunguka yawe ya Kiamu.

Odisheni (jaribio la kuomba nafasi) ya kutuma kwa simu niifanyeje?

Mara nyingi utaombwa video kwa sababu uko mbali. Mambo yanayokwamisha ni ya kawaida mno:

Simu ilale, isisimame, na iegemezwe kwenye kitu imara kwa kimo cha macho. Kwenye nyumba ya mawe kidaka cha ukutani kinafaa kuliko mkono wa mdogo wako. Picha ikuoneshe kuanzia kifuani kwenda juu. Mwanga utoke mbele yako. Ukikaa na mlango wa kiwanda (ua wa ndani ya nyumba) nyuma yako utaonekana kivuli tupu. Nyumba zetu za mawe zina mwangwi, kwa hiyo tandika mkeka na utundike kanga au blanketi nyuma ya simu, upande ambao kamera haioni. Zima feni.

Anza kwa jina, kimo na mji unaoishi, sekunde 10 zinatosha. Anayekusomea sehemu ya mwenzio asimame jirani kabisa na kamera, asome kwa sauti ya chini kuliko yako, wala asiigize. Tuma teki 2 zilizo tofauti kweli. Mbili zinazofanana ni moja.

Video itume kama faili la hati kwenye WhatsApp au kwa kiungo cha kupakua. Ukiituma kama video ya kawaida hupunguzwa ubora, na uso wako unafika umepakwa ukungu. Jina la faili liwe jina lako na la mhusika. Kuna maelfu ya mafaili duniani yanayoitwa "VID" na tarakimu.

Nimeambiwa nilipe ada ya usajili ili nipewe nafasi.

Usilipe. Odisheni ya kweli haitozwi pesa. Nauli yako na bando zinatosha kuwa hasara.

Nije na nguo gani?

Kanzu nyeupe pe ni adui wa kamera. Juani inang'aa mpaka uso unageuka giza. Mafundi wa mavazi huichovya kwenye chai: maji ya moto lita 5, majani ya chai yaliyochujwa, dakika 10, kisha isuuzwe na kuanikwa. Kwa macho inakuwa na rangi ya maziwa, kwa kamera ni nyeupe. Usiichovye ya Idi.

Kikoi chenye mistari myembamba sana hucheza kwenye skrini kana kwamba kinachemka. Chagua chenye mistari mipana. Mwenye buibui ajue kwamba maiki ya kifuani husugua kitambaa cha kuteleza na kutoa sauti ya mtu anayefunua karatasi. Maiki igandishwe kwa plasta kwenye nguo ya ndani au ngozini, na kitambaa kikazwe pande zote mbili ili kisitembee. Omba mwanamke akufunge. Kikosi chenye adabu kitakuwa naye bila kuombwa.

Kila vazi lipigwe picha kabla hujalivua: vifungo, kofia ilivyokaa, saa iko mkono upi. Wiki ijayo utaulizwa.

Maonyesho ya kula mbona yanaogopwa?

Kwa sababu kila teki inataka chakula kizima. Onyesho la mahamri na mbaazi, watu 3, teki 8: kila mmoja akimega hamri moja kwa teki, ni mahamri 24, na kwa kuwa moja mbili zitaanguka, pika 30. Mega kipande kidogo kuliko unavyomega nyumbani, na ukumbuke umemega kwenye neno gani, maana uso wa karibu utakapochukuliwa lazima umege hapo hapo. Kinywa kikijaa, mzaha hausikiki. Weka ndoo ya kutemea nyuma ya kamera. Anayejidai kumeza kila kitu teki ya 6 atakuwa kijani.

Mwezi wa Ramadhani maonyesho haya huwekwa usiku baada ya tarawehe, au husogezwa mpaka baada ya Idi. Mtayarishaji asiyelijua hilo aambiwe siku ya kusoma skripti.

Kuna nini cha kipekee kurekodi Lamu?

Maji, kwanza. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila badiliko likichukua saa 6 na dakika kadhaa, na wakati wa maji kujaa husogea mbele takriban dakika 50 kila siku. Ukirekodi usoni pa mji, mbele ya bahari, saa 3 asubuhi, mashua zinaelea nyuma yako. Uso wa mwenzio ukichukuliwa saa 8 mchana, mashua zile zile zimelalia ubavu topeni. Kwenye skrini mazungumzo ya dakika moja yataonekana yamechukua nusu siku. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, tofauti ni kubwa zaidi; maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, yanasamehe. Kwa hiyo ratiba ya onyesho la pwani iandikwe pamoja na jedwali la maji, na nyuso za pande zote mbili zimalizwe ndani ya saa moja na nusu hivi. Mwigizaji anayejua mistari yake siku hiyo ana thamani ya dhahabu, kwani bahari haimsubiri aliyesahau.

Sauti, pili. Mji mkongwe una misikiti zaidi ya 20 na adhana hazianzi sekunde moja. Kikosi kinyamaze kwa heshima, na kitumie muda huo kubadilisha nguo au taa. Punda akilia, usiendelee juu ya sauti yake. Subiri, kwa sababu teki nyingine haitakuwa na punda na mhariri hataweza kuunganisha. Upepo wa kusi huvuma ndani ya maiki hata ukiwa darini. Vichochoro vya mtaa wa Mkomani ni vyembamba hivi kwamba jua huvifikia katikati ya mchana tu, nayo kamera haina pa kurudi nyuma. Utaigiza ukiwa umebanwa ukutani, bega kwa bega na mwenzio, na punda mwenye mzigo wa mawe akihitaji kupita. Mpishe. Ana haki ya njia kuliko ninyi.

Nikirekodi vichekesho vyangu mwenyewe, nahitaji kibali?

Kurekodi filamu kwa maonyesho ya umma kuko chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, kwa hiyo uliza kuhusu leseni kabla ya kuanza. Ngome ya Lamu iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya; ndani yake huingii na kamera ya kazi bila ruhusa yao. Droni ni mambo ya mamlaka ya usafiri wa anga. Nyumba ya mtu ni ya mtu: omba, andikianeni, na msirekodi mlango wa jirani akiwa nje na watoto wake.

Ukitaka stesheni ikuchukue, kumbuka kwamba kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku vipindi lazima vifae kutazamwa na familia nzima. Mzaha wa matusi unakufungia saa bora za siku.

Malipo yakoje?

Hulipwa kwa siku ya kurekodi, kwa kipindi, au kwa msimu mzima. Uliza ni ipi kabla ya kuuliza kiasi. Mtu anayelipwa kwa kipindi akitokea kwenye onyesho moja tu huwa amepata. Anayelipwa kwa kipindi hicho hicho akaitwa siku 4 amepoteza.

Fanya hesabu kwa karatasi. Tuseme, kwa mfano tu, mmekubaliana shilingi 8,000 kwa siku, siku 10. Hiyo ni 80,000. Mtayarishaji anakata kodi ya zuio asilimia 5, yaani 4,000, na inabaki 76,000. Dai cheti cha ile 4,000, kwa sababu ni kodi uliyokwisha kulipa na utaihesabu unapowasilisha ritani ya kodi kabla ya 30 Juni. Sasa toa boti, basi la kwenda Mombasa na kurudi, malazi na chakula cha siku 10. Kama hayo hayako kwenye mkataba, yanatoka kwenye 76,000 yako. Msanii wa Lamu anayesahau nauli anaishia kumlipa mtayarishaji.

Pesa huchelewa. Mara nyingi mtayarishaji naye anasubiri stesheni. Andikeni tarehe, si "baada ya kurushwa hewani".

Mkataba niangalie nini?

Majina ya kisheria, idadi ya siku, saa za kazi, tarehe ya malipo, nani analipa safari, na kama unazuiwa kuigiza kwingine. Kipindi kikirudiwa, unapata chochote? Kipande chako kikikatwa na kutumika kwenye tangazo la sabuni, je?

Kisha kifungu ambacho hakuna anayekisoma: jina la mhusika ni la nani. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini Kenya nzima ilimwita Mzee Ojwang, Mjaluo wa kichekesho cha Vitimbi. Mary Khavere watu humwita Mama Kayai mpaka leo. Jina la mhusika ndilo linaloitwa harusini na kwenye mabango. Kama ni mali ya mtayarishaji peke yake, unaweza kukatazwa kulitumia siku utakayoondoka. Omba kifungu kinachokuruhusu kulitumia kwenye hafla na matangazo, hata kama ni kwa kugawana.

Kwa mirabaha, jiunge na chama cha waigizaji kilicho na leseni ya KECOBO (Bodi ya Hakimiliki ya Kenya) kwa mwaka huo. Leseni hizo hubadilika, angalia kabla ya kulipa ada.

Mimi ni binti, na nyumbani hawataki.

Tenganisha wanachokikataa. Mara nyingi si uigizaji, ni kulala ugenini, kuguswa na mwanamume, na kuonekana bila mtandio. Yote matatu huandikika: mhusika atavaa hijabu, hakuna onyesho la kugusana, utasafiri na mama au shangazi na nauli yake iwe juu ya mtayarishaji. Karatasi hiyo mpelekee baba ikiwa na nambari ya mtayarishaji, aongee naye mwenyewe. Mtayarishaji anayeudhika kwa masharti hayo, bora umjue sasa.

Kila nikiitwa ni mganga, mvivu au jini. Nifanyeje?

Huo ndio Mpwani wa kwenye vichwa vya waandishi wa mbali: polepole, kulala, uchawi. Ukiwa mpya huenda ukakubali mara moja, ila mpe mhusika kitu anachokitaka kwa nguvu zote. Mganga anayetaka mtoto wake awe mhasibu ni mtu. Mganga anayekodoa macho ni kinyago. Mara ya pili pendekeza: nahodha mwenye deni, mwalimu wa chuo anayependa mpira kupita kiasi, fundi wa milango asiyemaliza kazi. Wapelekee ukurasa ulioandikwa, waandishi wana haraka na hupokea.

Lazima nihamie Nairobi?

Kwa msimu, pengine. Kwa maisha, si lazima. Ndege ya Nairobi hutua Manda, na ukishavuka uko mjini, lakini nauli yake haifanani na malipo ya mhusika mdogo. Kinachowezekana ni kukusanya siku zako zirekodiwe pamoja. Kwa kuwa maonyesho hayafuati mpangilio wa hadithi, mhusika anayetokea vipindi 6 anaweza kumalizwa kwa siku 3. Pendekeza hivyo mwenyewe, na ufike siku moja kabla. Boti iliyochelewa Mokowe na basi lililoondoka havikubaliki kama udhuru zaidi ya mara moja.

Mfululizo ukifungwa?

Huambiwi mapema. Msimu unaisha, simu hailii. Watu watakuita kwa jina la mhusika sokoni wakidhani una pesa, na muuza samaki ataongeza bei. Toka siku ya kwanza weka pembeni malipo ya kila siku ya nne, na usiache kulipa bima ya afya ya SHA kwa sababu huna mwajiri wa kukukatia. Kazi zinazofuata kwa kawaida ni ushereheshaji, matangazo ya redio, michezo ya redio na kuingiza sauti, ambako Kiswahili chako kinalipa kuliko uso wako. Hifadhi vipande vyako bora, dakika 2 tu, na uviombe kwa mtayarishaji wakati bado mnaelewana.